Tuma kiungo cha podikasti, usitume faili

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wasikilizaji wa podikasti za Kiswahili. Wengi wanazipenda kweli, wanazinukuu vijiweni na kwenye daladala, lakini mapenzi hayo hayafiki mfukoni kwa mtayarishaji. Sababu mojawapo kubwa ni namna tunavyosambaziana vipindi.

Kipindi kikinoga, mtu hukipakua na kukirusha kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 200, nao wanakirusha kwingine. Kinaweza kusikilizwa na watu elfu moja, na kwa mwenye tangazo bado ni msikilizaji mmoja. Hesabu hufanyika kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni ambako kipindi kimehifadhiwa. Kwa vigezo vya IAB, chama cha kampuni za matangazo ya mtandaoni, vinavyofuatwa na kampuni nyingi za kuhifadhi podikasti, upakuaji huhesabiwa simu inapochukua angalau dakika moja ya sauti, na simu hiyohiyo ikirudia ndani ya saa 24 inabaki kuwa moja. Faili la kundini halikupita kwenye seva hiyo, kwa hiyo halimo.

Hoja kwamba faili la kundini huokoa bando naijua. Lakini kipindi cha saa moja kilichotolewa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, kiwango kinachotosha kabisa kwa mazungumzo, kina MB 29 hivi, na MB ni zilezile kikija kwa WhatsApp au kwa programu ya podikasti. Anayeokoa ni yule mwenye bando la WhatsApp pekee. Wengine wote tutumiane kiungo. Watayarishaji nao wana kosa lao: wapo wanaopandisha mazungumzo ya watu wawili kwa kilobiti 192, saa moja inavuka MB 80, kisha wanashangaa watu hawapakui.

Kwa nini hesabu hii inauma? Tangazo la podikasti huuzwa kwa kila upakuaji 1,000. Tuchukue dola 20, bei ya kawaida kwa Marekani. Podikasti inayopakuliwa mara 3,000 kwa kila kipindi, yenye vipindi vinne kwa mwezi na matangazo mawili katika kila kimoja, kwenye karatasi inapata dola 480. Lakini matangazo yanayopachikwa na mitambo hununuliwa kwa kufuata nchi aliyopo msikilizaji. Kama katika hao 3,000 walioko Marekani na Ulaya ni 300 tu, na waliobaki wako Mwanza, Mombasa na Bujumbura ambako nafasi hazikupata mnunuzi, dola 480 zinakuwa 48. Hapo kampuni inayouza matangazo haijakata chake.

Ndiyo maana wengi wanaweka vipindi YouTube pia. Huko chaneli huanza kugawiwa fedha za matangazo ikifikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya fedha za matangazo yanayotokea kwenye video zake. Salio likifika dola 10, Google, mwenye YouTube, humtumia kwa posta barua yenye namba ya kuthibitisha anwani. Malipo yenyewe hayatoki mpaka zifike dola 100. Barua hiyo huwakwamisha watu. Mtu ameandika sanduku la posta la ofisi aliyokwisha kuacha, barua inalala huko, na ikipita miezi minne bila kuthibitisha, matangazo huondolewa. Andika sanduku unalolifungua mwenyewe. Nawe mtazamaji, usibonyeze tangazo mara kumi kwa nia ya kusaidia: Google hutambua mibonyezo ya namna hiyo, na inaweza kuifunga akaunti ya huyohuyo unayempenda.

Njia iliyonyooka kuliko zote ni mchango. Wasikilizaji 100 wakitoa Sh2,000 kila mwezi ni Sh200,000, zaidi ya zile dola 48. Watayarishaji hukosea wanapoweka Patreon peke yake, tovuti ya kumchangia mtayarishaji kila mwezi, inayotaka kadi ya benki au PayPal, ilhali msikilizaji wao ana M-Pesa au Airtel Money. Wekeni Lipa Namba kwenye maelezo ya kila kipindi, na mwishoni itamkeni polepole, tarakimu mbili mbili. Msikilizaji, kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea. Kama si lile lililotajwa kwenye kipindi, acha, maana matapeli hubandika namba zao kwenye maoni chini ya video. Ukituma kwenye namba ya kawaida, weka na ya kutolea. Na ukiweza, toa tarehe ileile kila mwezi. Kwa Sh2,000 zinazotarajiwa, mtayarishaji anaweza kumwahidi fundi wa kuhariri sauti malipo yake. Kwa Sh20,000 zilizokuja mara moja hawezi.

Ndugu zetu wa Muscat, London na Minneapolis, Patreon ni yenu. Ila jiungeni kwa kivinjari, si ndani ya programu ya iPhone: humo Apple huweza kukata asilimia 30, kwa hiyo ama mnalipa zaidi, ama mtayarishaji anapata pungufu.

Asiye na hela ya kutoa bado ana la kufanya. Aifuate podikasti ndani ya programu, na aisikilize kweli, kwa sababu tangu iOS 17, toleo la mfumo wa iPhone la mwaka 2023, programu ya Apple husimamisha kupakua vipindi kwa mtu aliyeacha kusikiliza. Na akinunua kitu alichokisikia kwenye podikasti, aseme dukani amekisikia wapi. Mdhamini wa mtaani, mwenye mgahawa au duka la vifaa vya umeme, hana takwimu za seva. Akilipia mwezi wa pili, ni kwa kuwa wateja wanane walitaja kipindi.

Ombi la mwisho ni kwenu wahariri. Habari inapotoka kwenye podikasti, msiishie kuandika "akizungumza katika mahojiano ya mtandaoni". Andikeni jina la podikasti na tarehe ya kipindi, ili msomaji akitafute na kukipakua kilipo.

Mtayarishaji wa vipindi vya sauti,
Dar es Salaam