Kuongeza wakaguzi hakupunguzi kasoro

Mhariri,

Kampuni nyingi zikiona bidhaa mbovu zinarudi, hukimbilia kuongeza wakaguzi mwishoni mwa kazi. Hapo zimechelewa: malighafi imeshatumika, saa zimeshalipwa, na kosa lilitokea hatua tatu nyuma.

Hebu tupige hesabu. Kazi ina hatua 5, kila moja inatoa vitu 95 vizuri kati ya 100. Vitakavyopita hatua zote bila kasoro ni takribani 77 tu. Meneja anayetazama hatua mojamoja ataapa kwamba mambo ni shwari. Ndiyo maana Motorola, kampuni ya Marekani ya vifaa vya mawasiliano, ilipoanzisha mfumo wake wa ubora mwaka 1986, ililenga kasoro zisizozidi 3.4 katika kila nafasi milioni moja za kukosea.

Kazi ianze kwa kupima. Kwa wiki 2, kila hatua iwe na karatasi yake, na mfanyakazi atie alama papo hapo kosa linapotokea: aina yake na saa yake. Fomu ya kujazwa jioni haifai, watu husahau. Mara nyingi aina 2 au 3 za makosa ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya hasara. Zishughulikiwe hizo kwanza, mkiuliza "kwa nini" hadi mfikie chanzo: kipimo kilicholegea, maelekezo yanayoeleweka kwa namna mbili, au fungu kubwa mno. Fungu la vipande 500 huficha kosa hadi vyote viharibike. La 20 hulifichua mapema.

Na tafadhali, anayeripoti kosa asikatwe mshahara. Kesho atalificha.

Mdau wa ubora wa bidhaa