Si upepo, ni blada

Mhariri,

Habari yenu ya ubao wa kuteleza mawimbini uliochomoka juu ya gari, barabara ya Mombasa–Malindi, iliishia kumlaumu kusi. Miaka mingi nimesoma habari za namna hii nikanyamaza. Hii imenishinda, maana picha yenu wenyewe inaonyesha blada mbili, zile kamba za mpira za kufungia mizigo, zikining'inia kwenye keria na hakuna aliyeziuliza.

Blada ni mpira, na mpira hunyumbuka. Gari likitoka kilomita 50 kwa saa likafika 100, nguvu ya upepo huzidi mara nne, si mara mbili. Ubao huinuka kidogo, upepo ukaingia chini yake, blada ikarefuka, basi tena. Kinachotakiwa ni mikanda miwili bapa isiyovutika, yenye bizimu ya meno, urefu wa mita 3 hadi 4. Racheti za malori, zile mikanda ya kukazwa kwa mpini, msiziguse: huponda faibaglasi kabla mkono haujahisi. Keria ivikwe sponji kwanza. Ubao ulazwe kifudifudi, mkia mbele na mapezi juu, ili pua iliyopinda ielekee chini upande wa nyuma na upepo usipate pa kuingilia. Mkanda wa mbele upite nyuma ya mapezi. Ubao ukiteleza, mapezi yanakwama hapo. Kila mkanda uzungushwe chini ya chuma cha keria, karibu kabisa na ubavu wa ubao, usokotwe mara moja ili usivume, na ncha yake ipigwe fundo baada ya bizimu. Ubao wa futi 9 uongezewe kamba mbele na nyuma hadi kwenye ndoano za kuvutia gari. Kisha baada ya kilomita chache dereva asimame, akaze tena, hasa kabla ya daraja la Kilifi ambako upepo hupiga kutoka ubavuni.

Magodoro nayo ni hivyo hivyo: blada moja juu ya Probox, watoto wakitembea kando ya lami. Na matuta yasiyopakwa rangi hulegeza hata kilichofungwa vizuri.

Kila gari la kukodisha lenye keria litoke na mikanda miwili na vipande vinne vya sponji, na anayekabidhi ufunguo ashuhudie ubao ukifungwa. Blada zikatwe pale pale langoni. Nanyi, mkipeleka mpiga picha kwenye ajali nyingine, aanze na mafundo.

Mfunga mizigo,
Kilifi