Kwa Shabani, kuhusu mitego iliyojaa

Ujiji, Kigoma
18 Mei

Ndugu yangu Shabani,

Salamu toka huku ziwani. Sisi hatujambo, natumaini shemeji na watoto nao wazima huko Tabora.

Picha za ile mitego ya njano yenye gundi, uliyotundika kwenye kitalu nyumba chako cha nyanya ikajaa wadudu, nimezipata. Unauliza upige dawa gani. Usipige kwanza. Mitego miwili, yote mlangoni, na haijabadilishwa tangu uitundike, haiwezi kukuambia kama wadudu wanaongezeka au wanapungua.

Kitalu nyumba chako ni mita 8 kwa 30, yaani mita za mraba 240. Tundika mitego mitano: mmoja mlangoni, mmoja kila upande mrefu wenye neti, miwili katikati ya mistari. Ukingo wa chini uwe sentimita 10 hadi 15 juu ya ncha za nyanya, na uupandishe kadiri mimea inavyorefuka. Ukiwa chini, majani yanaufunika. Kila mtego upe namba, hesabu Jumatatu asubuhi, kisha weka mpya hapohapo. Ukiacha wa zamani, wadudu wa wiki tatu utadhani wameingia jana. Na kiangazi kikikolea, vumbi la Tabora likitanda juu ya gundi mtego hausiti kuning'inia ila unaacha kunasa, nawe unashangilia kwamba wadudu wamekwisha.

Kama ya dukani inakuumiza mfuko, kata dumu la njano la mafuta ya kula vipande vya sentimita 10 kwa 25, zungushia nailoni nyepesi isiyo na rangi, paka grisi safi juu ya nailoni. Wiki ikiisha unavua nailoni, kipande kinabaki. Mafuta ya mgando nayo hufaa, ila joto la mchana huyayeyusha yakachuruzika. Halafu usiingie kukagua na jezi yako ya Yanga: ule unjano unaowavuta kwenye mtego utawavuta kwako, na ukitoka mstari huu kwenda ule unawasambaza mwenyewe.

Wakati wa kuhesabu tumia lenzi ya kukuza mara 10. Nzi mweupe akizama kwenye gundi hupoteza ule unga wake, akaonekana wa rangi ya manjano iliyofifia, kwa hiyo usitafute kitu cheupe. Thripsi ni mwembamba kama kistari cha kalamu. Huyu rangi ya bluu humvuta zaidi, ongeza mtego mmoja wa bluu kwa ajili yake. Inzi mdogo mweusi mwenye doa la njano mgongoni ndiye mama wa wale wanaochora majani. Wale weusi tupu wenye miguu mirefu mithili ya mbu wanatoka kwenye udongo uliolowa mno; hao punguza maji, usiwapigie dawa ya majani.

Sasa, mtego unanasa wenye mabawa tu. Utitiri hana mabawa, na watoto wa nzi mweupe wamejibana chini ya majani hawabanduki. Kwa hiyo baada ya mitego, pita zigizaga ukague mimea 20, asubuhi kabla jua halijawachangamsha. Kila mmea geuza majani matatu: la juu kwa nzi wakubwa na mayai, la kati, na la chini kwa watoto waliokomaa. Utitiri anzia pembeni penye joto na ukavu; jani huwa na vidoa vyeupe kama limechomwa sindano. Ua la nyanya ligonge juu ya karatasi nyeupe, thripsi watadondoka wakitembea.

Kantangaze, yule nondo ambaye funza wake hula nyanya, asikuchanganye na mchoraji, yaani wale wanaochora majani. Mstari mwembamba unaojipinda ni mchoraji. Baka pana lenye kinyesi cheusi ndani ni kantangaze: liinue jani kuelekea jua, utamwona funza anajisogeza. Chungulia na chini ya kikonyo cha tunda. Mtego wake wa harufu unavuta madume peke yake, kwa hiyo ni kengele tu, majike bado yanataga. Kile kidonge cha harufu usikishike kwa mkono mtupu.

Kwa nini umepiga dawa na wadudu wamerudi? Dawa nyingi huua wakubwa, lakini mayai na watoto waliokaribia kugeuka wakubwa wanapona, na kwa joto la huko kizazi kipya kinatoka ndani ya wiki tatu hivi. Pia tumbaku mashambani inakwisha, mashina yanakauka, na nzi mweupe anahamia kwenye kijani. Huyo ni mlaji wa tumbaku wa zamani. Wataalamu walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1889 kutoka kwenye tumbaku ya Ugiriki. Mtego wa upande unaotazama shamba la jirani ukizidi wenzake, kagua neti ya upande huo kabla ya kununua chupa nyingine. Kwa nyanya zinazozaa unaweza kuvumilia nzi kadhaa, kwa miche usivumilie hata mmoja, maana analeta virusi vya kukunja majani na mche ukishavipata hautibiki, ng'oa.

Nitumie hesabu za Jumatatu mbili, kila mtego na namba yake, usinijumlishie. Na uniandikie dawa ulizokwisha kupiga, pamoja na ile namba ya kundi iliyo kwenye lebo, inayoonyesha namna dawa inavyoua, nione kama si kundi lilelile kwa majina tofauti.

Wako,
Rajabu