Mpango wa ardhi Kajiado uwakumbuke waliobakiza malisho wazi

KWA MHARIRI,

Nina ekari 70 kusini mwa mji wa Kitengela, Kaunti ya Kajiado. Marehemu baba alizipata miaka ya 1980, ranchi ya kikundi ya Kitengela ilipogawanywa, na hadi leo sijakata ploti hata moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wa ardhi wa miaka 10, unaopitiwa upya kila miaka 5. Ombi langu kwa wanaouandaa ni moja: msituandikie makatazo matupu.

Makatazo yenyewe nayaunga mkono. Mashamba ya malisho yasikatwe vipande vidogo, na ua usizibe njia za wanyama. Lakini ukame wa 2021 hadi 2023 ulipomaliza ng'ombe wa jirani yangu, akiwa na watoto wawili chuoni, hakuwa amebaki na kitu cha kuuza ila ardhi. Dalali alikuja na mpimaji, na ekari 10 zikawa ploti za futi 50 kwa 100. Siwezi kumlaumu. Aliyeacha nyasi zisimame kwa faida ya kila mtu halipwi na yeyote, ilhali aliyeuza alipata karo siku hiyo hiyo.

Hapa kwetu tuliwahi kuona njia nyingine. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ina kilomita mraba 117 tu, na upande wa kusini haina ua. Mvua zikinyesha, nyumbu na punda milia huvuka mto Mbagathi kuja kula kwenye nyanda za Athi-Kaputiei. Kuanzia mwaka 2000, wafugaji waliokubali kutogawa ardhi wala kuzungusha ua walilipwa dola 4 kwa ekari kila mwaka. Si pesa nyingi, ila zilipangwa zifike wakati wa karo, na mama wengi waliwazuia waume zao kuuza kwa sababu hiyo. Tatizo ni kwamba zilitegemea wafadhili, na mfadhili akichoka mfugaji hana pa kulalamika.

Kaunti inaweza kuliweka jambo hilo ndani ya mpango wake. Mwenye ardhi atakayekubali kuiacha wazi kwa miaka 10, umri ule ule wa mpango, apunguziwe kodi ya ardhi, na makubaliano yasajiliwe ili hata mnunuzi ayarithi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 tayari inaruhusu masharti ya uhifadhi kuwekwa kwenye ardhi ya mtu binafsi. Mimi ningetia sahihi kesho.

Pia ramani ioneshe njia za mifugo kwenda majini kabla mpimaji hajakanyaga shamba la mtu. Sasa hivi barabara huchorwa na muuzaji, naye huzifanya nyembamba ili apate ploti nyingi. Lori la maji na gari la wagonjwa hayawezi kupishana, na ng'ombe hana pa kupita kabisa.

Kuhusu Mto Kitengela, mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yametufunza vya kutosha. Kanuni za maji zinataka ukingo wa mita 6 hadi 30 uachwe, lakini mnunuzi kutoka mbali atajuaje mwisho wake uko wapi? Kaunti ipande mawe ya mpaka kando ya mto mzima, yaonekane kwa macho, kabla ya hatimiliki nyingine kutolewa. Hesabu ya watu ya 2009 ilitupata wakazi wa Kajiado tukiwa takriban 687,000. Ile ya 2019 ikatukuta zaidi ya milioni 1.1. Watu wanazidi kuja, na ni haki yao kujenga mahali ambapo maji hayatawafuata usiku.

Rasimu ikiwa tayari, ramani zibandikwe kwa chifu wa kila lokesheni majuma kadhaa kabla ya kikao cha ushiriki wa umma, zikiwa na maelezo ya Kiswahili na Kimaasai. Wazee wanaojua kila bonde hupewa nafasi ya kuzungumza mara nyingi, lakini huoneshwa ramani siku hiyo hiyo, kwa dakika chache ukutani. Na kikao kisiwekwe siku ya mnada wa ng'ombe.

Mwenye ardhi,
Kaputiei Kaskazini, Kajiado