Kabla hujaja Kyela kununua kokoa

Rehema mpenzi,

Shikamoo yako nimeifikisha, mama kaitikia marahaba na anauliza lini utaolewa. Mimi simo.

Barua yako niliisoma hapa hapa kibarazani kwake, mvua ya Kyela inapiga bati mpaka mtu husikii unachowaza. Nimecheka uliposema jiko lako la Tabata linanuka chokoleti hadi majirani wanagonga mlango kuuliza. Hongera, kwa kweli. Halafu nikafika pale unaponiomba nikutafutie wakulima kumi, ununue kokoa kwao wenyewe, bila dalali, kwa bei ya haki. Hapo ndipo nilipokwama, na ndiyo sababu jibu limechelewa.

Ngoja nikueleze ya mama kwanza. Miaka kadhaa nyuma alikuja mnunuzi, jina lake naliacha. Mtu mpole, ana kamera nzuri. Akakaa kwenye mkeka, akala ndizi zetu, akaahidi kulipa zaidi ya soko kwa yeyote atakayevundika kokoa yake sawasawa. Mama akachongesha kasha la mbao kwa fundi, kwa hela yake.

Kazi yenyewe ya kuvundika, yaani kuiacha kokoa ichachuke kabla ya kuanika, sijui kama unaijua. Tunda unalipasua kwa kirungu, maana panga linakata punje. Ndani unakuta punje zimevikwa utelezi mweupe, mtamu kama stafeli. Watoto wanazimung'unya hadi unawafukuza. Unajaza kasha, unafunika kwa majani ya mgomba. Baada ya siku mbili ukitumbukiza mkono unauchomoa upesi, kumepata moto huko ndani, nyuzi 45 hivi au kupita. Unageuza, unafunika, unageuza tena, siku sita, nyumba nzima inanuka siki. Ukishaanika ndipo mvua inakukumbuka. Mama alikuwa akiona wingu Livingstone kule mlimani anakimbilia turubai, hata kama yuko katikati ya sala. Na katika kila kilo 3 mbichi unabaki na kilo 1 kavu hivi.

Yule bwana hakurudi. Alituma ujumbe kwamba mteja wake wa Ulaya amepunguza oda. Kokoa ya mama ikaenda chama cha msingi cha wakulima, ikaingia ghalani pamoja na ya jirani yetu ambaye huanika moja kwa moja bila kuvundika hata siku moja, na mnadani wote wawili wakapata bei ileile. Siku hizi kuku ndiyo wanalala ndani ya lile kasha. Nimelipiga picha, nitakutumia.

Kwa hiyo nikiona chokoleti imeandikwa kwenye karatasi yake kwamba mkulima alilipwa vizuri, mimi huuliza jambo moja: zile siku sita, na zile wiki za kusubiri hela, nani alizibeba? Bei nzuri inayokuja baada ya miezi mitatu haimsaidii mtu mwenye ada ya shule Januari. Atauza mbichi jioni kwa kijana wa pikipiki, anayepima kwa ndoo badala ya mizani, na wewe na mimi tutamlaumu kwamba hana subira. Huku ununuzi wa mbichi unapigwa vita, na ndoo hiyo ndiyo sababu mojawapo.

Cha ajabu ni kwamba walionishawishi zaidi nao wananunua mbichi. Wako Mbingu, bonde la Kilombero, wanaitwa Kokoa Kamili, walianza 2013. Mkulima anapeleka punje bado zinateleza, zinapimwa, analipwa, anarudi nyumbani. Kuvundika na kukausha wanafanya wao, kwa wingi na kwa namna moja, na kokoa ikiharibika imewaharibikia wao. Ndiyo maana watengeneza chokoleti wadogo wa nje wanaitafuta kokoa yao: kila gunia lina ladha ileile. Ukitazama kwa mbali ni kitendo kilekile cha kijana wa pikipiki. Tofauti ni mizani, na kwamba kesho unawakuta.

Huku kwetu kuna kijiji cha Mababu. Kiwanda kidogo cha Marekani, Askinosie, cha Springfield kule Missouri, kimenunua kwa wakulima wa pale kwa miaka mingi, na huwagawia sehemu ya faida huku kikiwaonyesha hesabu zake. Sisemi ni malaika. Lakini wamerudi, tena na tena, na kwa mkulima hiyo ni habari kubwa kuliko senti chache juu ya kilo.

Halafu ikaja 2024, wewe ulikuwa bado unauza vitenge. Kokoa ilipita dola 10,000 kwa tani kwenye soko la dunia, baada ya mavuno kuwa mabaya Ivory Coast na Ghana. Bei ya chini iliyowekwa 2019 na Fairtrade, wale wa nembo ya biashara ya haki, ilikuwa dola 2,400, basi fikiria. Ghafla kila mtu akawa rafiki wa mkulima. Watu walilala shambani kulinda matunda yasiibwe. Waliokuwa wakijisifu kulipa zaidi ya soko wakajikuta soko limewapita, na wakulima nao, tuseme ukweli, baadhi waliwageuka. Simlaumu mtu. Kisha bei ikaanza kushuka, marafiki nao wakapungua.

Sasa wewe. Kwanza, wakulima kumi wa nini? Kwa mashine yako hiyo gunia mbili zitakufikisha Krismasi. Pili, kokoa ya Kyela inapita chama cha msingi, ghala na mnada. Usidhani utaingia nyumbani kwa mtu na bahasha ukatoka na gunia, mtakamatwa wote. Naweza kukukutanisha na katibu wa chama chetu, mzee mkali ila msikivu, umuulize kama kundi dogo linaweza kuvundika pamoja na magunia yao yakauzwa peke yake. Akikataa, anza na Mbingu, kwako ni karibu zaidi. Wembe usiusahau: chukua punje hamsini, zipasue katikati. Za kahawia zenye nyufa ndizo zako. Zikiwa za kijivu na ngumu kama kigae, hazikuvundikwa, hata kama muuzaji anaapa.

Nilipomwambia mama kwamba unataka kuja, alinyamaza kidogo, akaenda kuwafukuza kuku. Aliporudi akasema uje mvua zikipungua, uje na mizani, na kamera uiache Dar.

Wako,
Tumaini