Kwa mdogo wangu, kuhusu sanduku lenye kufuli tatu

Mdogo wangu,

Salaam kutoka Ujiji. Ulisema kwenye simu kwamba anayeingia kikundi cha hisa, yaani cha kuweka akiba pamoja, amejifunga kamba mwenyewe, kwa kuwa fedha ni zake lakini hawezi kuzigusa mpaka wenzake waridhie. Nakujibu hadharani kwa sababu wenye mawazo kama yako ni wengi.

Sanduku letu la chuma lina kufuli tatu. Funguo wanazo wanachama watatu wa nyumba tofauti, na mtunza sanduku hana hata mmoja. Wasipofika wote watatu kikaoni, hakuna anayehesabu hata shilingi. Faini ya kuchelewa imo katika katiba, nayo tuliijadili kifungu kwa kifungu kabla mtu yeyote hajanunua hisa. Mimi ninajifahamu: fedha ikilala nyumbani haimalizi wiki, ama muuza vitenge atapita mlangoni, ama jirani atakuja na shida. Aliyeamua kwamba fedha hizo ni za sare na madaftari ya Januari ni mimi, na anayetamani kitenge ni mimi vilevile. Kufuli zinamlinda yule wa kwanza asishindwe na yule wa pili, na niliyeamua nani ashinde ni mimi. Sioni uhuru wangu ulipopungulia.

Hata hivyo, sisemi kwamba kila kifungo alichokiridhia mtu ni uhuru. John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika mwaka 1859 kwamba mtu hawezi kuutumia uhuru wake kujiuza utumwani, maana kwa tendo hilo moja anaufuta uhuru wake wote wa baadaye. Sisi tunaoishi kwenye njia ya misafara iliyopitisha watumwa Tabora hadi Bagamoyo, katika nchi ambayo sheria ilifuta utumwa mwaka 1922 tu, hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Lakini fedha za sanduku letu hugawanywa kila mwisho wa mwaka, na kila mmoja huchukua mgao wake akaamua upya kama anabaki.

Wala usilifananishe na kufungwa kwa uvuvi katika Ziwa Tanganyika, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Nchi zinazolizunguka ziwa zilikubaliana kuwapumzisha samaki, nami naona lilikuwa jambo jema. Lakini mvuvi wa Katonga aliyeanika nyavu miezi mitatu alitii, hakuchagua, na kumwambia kuwa huko ndiko kuwa huru ni kumdhihaki.

Mzunguko mpya unaanza Januari. Ukija, omba kwanza katiba uisome, hasa kifungu kinachoeleza namna ya kujitoa.

Dada yako