Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka Wetu wa Walimu

Ndugu wanachama, wazazi, walimu na wanafunzi wetu,

Nawashukuru kwa kufika kwa wingi. Hesabu za mwaka atazisoma mhazini, na katibu anayo orodha ya wanachama wapya pamoja na wale ambao ada zao bado zinadaiwa, kwa hiyo huko sitagusa. Mimi nitaeleza tulivyotekeleza azimio la mkutano uliopita, lile lililotaka mazungumzo yetu ya kila mwezi yawe juu ya walimu wa ngoma za jadi za Kihindi. Miaka yote tumekuwa tukiwasifia nyota wa jukwaani na kuwasahau waliowapika.

Azimio lilikuja kwa wakati wake. Januari 2022 aliondoka Pandit Birju Maharaj wa kathaki, ngoma ya jadi ya kaskazini mwa India. Agosti 2024 akafuata Yamini Krishnamurthy, aliyezitawala bharatanatyamu na kuchipudi, ngoma mbili za kusini mwa India, kwa miaka mingi. Na Aprili 2025, mjini Ahmedabad, akafariki Kumudini Lakhia akiwa na umri wa miaka 94, miezi michache tu baada ya serikali ya India kutangaza kumpa nishani ya Padma Vibhushan. Waliofundishwa ana kwa ana na mafundi wa enzi za mahekalu na ikulu wanazidi kupungua. Ndiyo maana sikutaka tungoje mwaka mwingine.

Tulianza na T. Balasaraswati, au Bala, mchezaji wa bharatanatyamu, na kwa maoni yangu tungeweza kukaa kwake mwaka mzima. Alizaliwa Madras (sasa Chennai), kusini mwa India, mwaka 1918 katika ukoo wa wanawake wanamuziki. Bibi yake, Veena Dhanammal, alikuwa mpigaji wa vina, ala ya nyuzi, ambaye waimbaji wakubwa walimwendea nyumbani kumsikiliza. Mama yake, Jayammal, alikuwa mwimbaji. Mwalimu wake, Kandappa Pillai, alitoka katika uzao wa ndugu wanne wa Thanjavur: Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu. Hao ndio waliopanga, mwanzoni mwa karne ya 19, mfuatano wa onyesho la bharatanatyamu tunaoufuata mpaka leo, kutoka alarippu, kipande cha ufunguzi, hadi tilana, kipande cha kufungia. Kandappa alikuwa mkali. Mwaka 1925 mtoto huyo wa miaka saba alicheza hadharani kwa mara ya kwanza katika hekalu la Kanchipuram, na mwaka 1934 alikuwa tayari anacheza Calcutta, mbali na kwao kusini.

Lakini zama zenyewe zilikuwa zimemgeuka. Bala na ukoo wake walitoka katika jamii ya devadasi, wanawake waliowekwa wakfu mahekaluni, na ndio waliobeba ngoma hii vizazi kwa vizazi. Wanaharakati walitaka mila ile ikomeshwe, na mstari wa mbele alikuwepo Dk. Muthulakshmi Reddy, daktari na mjumbe wa baraza la kutunga sheria, ambaye mama yake mwenyewe alitoka katika jamii hiyo. Alikuwa na sababu nzito, kwa maana wasichana walikuwa wakidhulumiwa, na hilo halina mjadala. Sheria ya Madras ya kupiga marufuku kuwekwa wakfu ikapita mwaka 1947. Pamoja na dhuluma hiyo, heshima ya wanawake wenyewe nayo ikafagiliwa, na ngoma yao ikahamia mikononi mwa watu wa tabaka jingine.

Hapo ndipo alipoingia Rukmini Devi Arundale, binti wa tabaka la juu la Kibrahmani aliyezaliwa mwaka 1904. Alicheza mbele ya watu mwaka 1935, jambo ambalo familia za tabaka lake hazikulitarajia, na mwaka uliofuata akaanzisha shule ya Kalakshetra huko Adyar. Mwalimu wake mkuu alikuwa Meenakshisundaram Pillai wa kijiji cha Pandanallur. Rukmini Devi alibuni mavazi na mapambo mapya ya jukwaa, akatunga tamthilia za ngoma zenye wachezaji wengi, akaondoa mambo ya mahaba aliyoyaona hayafai. Bala hakukubaliana naye hata kidogo. Kwake yeye mahaba, kile kinachoitwa shringara, ndiyo hisia kuu ambayo mwanadamu humwendea nayo Mungu, na kulisafisha lisilo chafu ni kulijeruhi.

Jioni tulipojadili hayo, ukumbi ulichemka. Baadhi ya wanachama wakongwe waliosoma katika mkondo wa Kalakshetra walisema bila Rukmini Devi ngoma hii isingefika kwa mabinti wa watu wa kawaida, sembuse kuvuka bahari ikafika hapa Dar es Salaam. Ni kweli. Bado mimi nipo upande wa Bala, na sioni haya kulisema mbele ya mkutano. Mwaka 1975, alipohutubia jumuiya ya muziki wa Kitamil ya Madras, alilifananisha onyesho na hekalu: alarippu ndiyo lango, unavuka kumbi moja baada ya nyingine, hadi kwenye varnamu, kipande kikuu cha onyesho, unapoingia patakatifu. Aliyelelewa ndani ya hekalu analijua hekalu. Mwaka uliofuata mwongozaji wa filamu Satyajit Ray alimpiga filamu akicheza ufukweni, umri umekwenda, upepo unamvuta sari, naye anamwita mungu Krishna akiwa mtoto kwa kidole na kope tu. Tuliitazama sehemu ile, tukairudia. Mabinti wetu wa darasa la juu, ambao hupenda kasi na kuruka, walinyamaza kimya.

Kilichonigusa zaidi kuliko ubishi wenyewe ni jina moja ambalo karibu nusu ya ukumbi ilikuwa hailijui: Mylapore Gowri Ammal. Huyu alikuwa devadasi wa hekalu la Kapaleeswarar, Mylapore. Alimfundisha Balasaraswati kuigiza hisia kwa uso na mikono, na alimfundisha pia Rukmini Devi. Mahasimu wawili, mwalimu mmoja! Uzee wake ulikuwa wa dhiki, wakati sanaa aliyoigawa kwa mikono miwili ikijaza kumbi na kuleta nishani. Ningeombwa nitaje jina moja tu la kuchukua kutoka mwaka huu, ningelitaja la Gowri Ammal.

Kutoka kusini tulikwenda Odisha, mashariki mwa India, kwa Guru (yaani mwalimu) Kelucharan Mohapatra. Alizaliwa mwaka 1926 katika kijiji cha Raghurajpur, karibu na Puri, kijiji cha wachoraji wa picha za nguo, na baba yake alikuwa mmoja wao. Akiwa mtoto alijifunza gotipua, ngoma ya wavulana wanaovaa kike, akawa baadaye mpiga ngoma wa maonyesho ya tamthilia. Mikono yake ilijua pakhawaji, ngoma ya kupigwa kwa mikono, kabla dunia haijaijua odisi, ngoma ya jadi ya Odisha. Hata alipokuwa bingwa wa kutunga, mwili wa mchezaji na ngozi ya ngoma vilikuwa kitu kimoja kwake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye na walimu wenzake, akina Pankaj Charan Das, Deba Prasad Das na Mayadhar Raut, walikaa katika kikundi cha Jayantika kukubaliana ngoma yao ichezwe vipi, ianze na nini na iishie wapi. Yaani odisi ya leo, hiyo tunayoiita ya kale, ilipangwa mezani na watu ambao wazazi wetu wangeweza kukutana nao. Misingi yake imo katika sanamu za mahekalu na katika miili ya wale wavulana wa gotipua. Mpangilio wa jukwaani ni kazi ya walimu hawa.

Mwanafunzi wake mkubwa alikuwa Sanjukta Panigrahi, ambaye alipelekwa Kalakshetra akiwa mdogo, akarudi na kuipa odisi maisha yake yote mpaka alipofariki mwaka 1997. Yeye akicheza, mumewe Raghunath akiimba, guru kwenye pakhawaji: wachache wamewahi kukaa pamoja jukwaani hivyo. Na kulikuwa na usiku ambao guru aliacha ngoma akasimama mwenyewe. Mzee wa kiume, kifua wazi, upara unang'aa, anafunga njuga na kuanza wimbo wa Radha anayemwomba Krishna ampambe baada ya usiku wa mapenzi. Tazama anavyoshusha bega. Haigizi sauti ya kike wala haringi, ila baada ya dakika chache hakuna mzee tena pale, yupo Radha. Mwanachama mmoja aliniuliza iwapo wavulana wetu wanaweza kuanza odisi. Jibu ni hilo.

Jioni ya kathaki iliongozwa na wanafunzi, nami niliipenda kwa hilo. Birju Maharaj alimpoteza baba yake, Acchan Maharaj, akiwa na miaka tisa, akaendelezwa na baba zake wadogo, Shambhu na Lachhu, na akiwa na miaka 13 alikuwa tayari anafundisha Delhi. Alifundisha huko Kathak Kendra mpaka alipostaafu mwaka 1998, kisha akafungua shule yake. Kumudini Lakhia naye alisoma kwa Shambhu Maharaj, akacheza Ulaya katika kundi la Ram Gopal, kisha miaka ya 1960 akaanzisha shule ya Kadamb huko Ahmedabad. Alifanya jambo lililowaudhi wengi: aliitoa kathaki kwa mchezaji mmoja na hadithi za miungu, akaipa kundi, nafasi tupu na mawazo ya kisasa. Mchezaji Aditi Mangaldas alitoka kwake. Wapo wanaosema aliipunguza kathaki. Mimi naona kipimo cha mwalimu ni kama wanafunzi wake wanafanana naye au wanajitegemea, na wa Kumudini hawafanani hata wao kwa wao.

Kuchipudi ya mwalimu Vempati Chinna Satyam na kathakali, tamthilia ya ngoma ya jimbo la Kerala, tulizipitia harakaharaka, na naomba radhi kwa wapenzi wake. Zitapewa nafasi mwakani. Niseme moja tu kwa faida ya kamati ya fedha: mshairi Vallathol, alipotaka kuanzisha shule ya sanaa ya Kerala Kalamandalam, iliyofunguliwa mwaka 1930, alichangisha fedha kwa bahati nasibu. Njia zipo.

Sasa ya nyumbani. Madarasa ya Jumamosi yameendelea. Mwalimu wetu bado anakaa chini na kile kigogo chake, anakigonga kwa fimbo na kutamka midundo, tei-ya-tei, watoto wakiwa wamekunja magoti nusu na migongo imenyooka. Mwanachama wetu mmoja, ambaye ni mpiga ngoma wa kikundi cha utamaduni, alikuja kumchukua binti yake, akasimama mlangoni, akaanza kujibu kwa vidole kwenye fremu ya mlango. Mwalimu hakumfukuza. Alimpa mzunguko wa midundo saba, na tangu siku hiyo anahudhuria. Nataka tupate wengi wa namna hii.

Kinachonikosesha usingizi ni sakafu. Ukumbi tunaokodi ni saruji tupu, na bharatanatyamu ni kupiga mguu chini kwa uzito wote. Magoti na miundi ya watoto wetu inalipa. Wenye ukumbi wameombwa ruhusa ya kuweka mbao mara kwa mara bila jibu la maana, na kamati imeanza kutafuta mahali pengine.

Kuna pia suala la arangetramu, onyesho la kwanza la mwanafunzi peke yake. Limekuwa kama harusi: ukumbi wa gharama, mavazi ya kuagiza, mpiga picha, chakula cha mamia ya watu. Nawaelewa wazazi, ni furaha yao. Ila wapo watoto wenye kipaji, na nyote mnawafahamu, ambao wanaacha darasa mwaka mmoja kabla kwa sababu nyumbani wameshapiga hesabu. Bala alicheza hekaluni akiwa na miaka saba na haikumpunguzia kitu.

Kwa hiyo naleta hoja tatu mbele yenu, na naomba zijadiliwe kabla ya chai. Ya kwanza, chama kiandae kila mwaka jioni moja ya arangetramu za pamoja, kwa gharama ya chama, na muziki uwe wa kupigwa papo hapo hata kama ni wapigaji wawili. Ya pili, kila tangazo na kila kijitabu cha onyesho kitaje jina la mwalimu, la anayeshika matoazi, la mwimbaji na la mpiga ngoma, kwa herufi zilezile za mchezaji. Ya tatu, walimu wazee waliofundisha hapa mjini, ambao baadhi yao hawatoki tena nyumbani, wafuatwe na kurekodiwa sauti na picha kwa ridhaa yao, na chama kiwalipe kwa muda wao kama tunavyowalipa wageni kutoka nje. Vijana wawili wa darasa la juu wamejitolea kuanza kazi hiyo mwezi ujao mkiiridhia.

Nawasilisha.